Nani anaishi karibu na aliyeuawa?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno la wiki hii ni Kumbukumbu la Torati 21:1-9, na naomba usome yote polepole maana hii ni sehemu wengi wetu huruka.

Mpaka leo ukipanda matatu ya Gilgil hapa Nakuru, mkifika Elmenteita karibu na Soysambu, mtu anaweza anzisha ile kesi ya Tom Cholmondeley, mzungu wa familia tajiri ya walowezi wenye ranchi ya Soysambu, na stori isiishe mpaka mshuke. Mnakumbuka, 2005 alimpiga risasi akamuua askari wa KWS (shirika la wanyamapori) kwa ranchi ya familia yao akasema alidhani ni majambazi, na Mkuu wa Sheria wa wakati huo, Amos Wako, akaiondoa kesi. Mei 2006 risasi tena, ranchi ile ile, sasa ni fundi wa mawe wa hapo karibu, alikuwa na wenzake na mbwa wanawinda, na mwenye bunduki akasema alikuwa analenga mbwa. Ilipofika Mei 2009 jaji Muga Apondi akasema ni kuua bila kukusudia, akampa miezi 8 juu ya ile miaka 3 alikuwa amekaa jela ya Kamiti akingoja hukumu.

Miezi 8! Hapo ndipo matatu inagawanyika. Huyu anasema angekuwa mtoto wa maskini angeozea ndani, yule anasema jaji ndiye alisikiza mashahidi sisi hatukuwa kortini, na kwani huyo fundi aliingia shamba la watu kutafuta nini? Mimi nitasema ninavyoona, miezi 8 ilikuwa kidogo sana, na ile ya 2005 iliniuma zaidi kwa sababu hapo hata hukumu haikuwa, familia haikupata siku ya kusikizwa. Na ndugu yangu unayesema "lakini alikuwa anawinda", soma Kutoka 22:2-3. Hata mwizi wa kuvunja nyumba, jua likishachomoza, damu yake inadaiwa. Sasa mtu anayewinda swala je?

Lakini turudi kwa Kumbukumbu. Maiti imepatikana shambani na aliyeua hajulikani. Wazee na waamuzi wanatoka, wanapima kutoka pale mtu ameanguka mpaka miji iliyo karibu. Hebu waone hao wazee kwa jua, kwa nyasi, wanapima mji baada ya mji, na hawajaua mtu! Mji ukipatikana ndio uko karibu zaidi, wazee wake wanaleta ndama mpaka kwa bonde lenye maji, wanaosha mikono mbele za Mungu na kuomba damu hiyo isihesabiwe juu ya watu. Kwa hiyo Mungu hakuuliza tu nani ameua, aliuliza pia nani anaishi karibu.

Korti yetu iliangalia mshtakiwa, na hiyo ndiyo kazi yake. Cholmondeley mwenyewe alikufa 2016, hesabu yake iko kwa Mungu. Lakini yule fundi aliacha mjane na watoto, na nyinyi mnajua fundi wa mawe anavyoishi, anatoka asubuhi na nyundo na patasi, jioni anarudi vumbi mpaka kwa kope, na pesa ya leo ndiyo unga ya leo. Siku hiyo moja asiporudi, nyumba inalala njaa. Kwa mabishano hayo yote nimesikia kwa miaka, sijawahi sikia mtu akiuliza kama hao watoto walimaliza shule. Hata kwa maombi yetu ya kanisa tulitaja jaji, tukataja serikali, tukataja ardhi.

Sasa Jumatano tukikutana kwa ushirika, kila mmoja aje na jina la familia moja ya karibu na kwake ambayo mtu wao aliuawa, kesi iwe imeisha au bado inaahirishwa. Tutaombea kila nyumba, kisha tupange nani anaenda wapi Jumamosi. Mwenye anaweza beba unga ama karo kidogo ambie mama mweka hazina mapema.