Kengele za njia ya Rabai

Likizo ya Agosti mwaka 2004, nikiwa na miaka 17, mjomba wangu, fundi baiskeli wa Kibokoni, Mombasa, aliniambia: "Jumamosi twende Rabai, tulale, turudi Jumapili. Vaa shati jeupe." Sikumuuliza kwa nini jeupe. Mjomba hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili.

Alikuwa na baiskeli ya Raleigh kuukuu, nzito kama mlango wa mvule. Mimi alinipa Hero ya mteja aliyehama mji asirudi kuichukua. Usiku wa Ijumaa tulitia cheni mafuta, tukajaza pumzi, tukafunga nyuma mkoba wenye viraka, gundi, pampu, na mahamri ya mkaza mjomba yaliyofungwa kwenye kitambaa, bado ya moto. Kupita Makupa na Changamwe kwa baiskeli, ubavuni mwa malori ya bandarini, ni kuitafuta ajali. Basi tukazipakia kwenye pikapu ya jirani aliyekuwa akienda Mariakani, naye akatushusha Mazeras kabla jua halijachomoza.

Pale ukiiacha barabara ya Nairobi na kukata kulia, ngurumo za malori zinabaki nyuma na unaanza kusikia jogoo. Minazi, mikanju, miembe, vibanda vya makuti vilivyojitenga na njia, moshi mwembamba wa asubuhi. Upepo wa kusi ulikuwa unapuliza taratibu. Mimi nilitaka kufika. Mjomba hakuwa na haja ya kufika. Kila mlima alishuka, akaikokota baiskeli, akawasalimu kwa Kirabai kina mama wenye ndoo vichwani, akawauliza habari za watu niliodhani ni wa ukoo wetu, kumbe ni wateja wake wa zamani. Ujanani aliipita njia hii akipeleka ng'onda, samaki wakavu, na kurudi na nazi. Chini ya mnazi mmoja alisimama muda mrefu kichwa juu, akimsikiliza mgema akipasua kole kule kileleni.

"Kaa mbele yangu," aliniambia. "Lakini usiende mbali."

Nikienda mbali aliniita. Nilikasirika kimoyomoyo, nakiri. Saa nzima na zaidi, kwa mwendo ambao kijana mwenye nguvu angeumaliza mara moja!

Kisha mwiba ukaingia tairi lake la nyuma. Mama mmoja wa nyumba ya kando ya njia akatupa karai la maji na kigoda. Nilimtolea mjomba tyubu, nikaitia pumzi, nikamkabidhi. Kazi hiyo nilimwona akiifanya maisha yangu yote: unaizamisha tyubu majini, unaizungusha, unatafuta mapovu. Safari hii hakuizamisha. Aliipitisha taratibu karibu na mdomo, akiitafuta hewa kwa ngozi, mpaka akasimama mahali na kuweka kidole.

"Mbona hutizami majini, mjomba?"

Alikuwa akikwaruza tyubu kwa msasa. Alimaliza kwanza, akapaka gundi, akangoja ikauke.

"Ni presha ya macho, mwanangu. Pembeni sioni tena. Katikati naona, kama mtu anayechungulia tundu la kitasa. Daktari asema kilichokwenda hakirudi."

"Na shati?"

"Ndilo ninalolifuata."

Nilijisikia kulia. Yeye aliuliza kama mahamri yamebaki, tukala pale pale na mwenye nyumba, aliyetuletea chai ya tangawizi.

Rabai tulifika jua likiwa kali. Pana kanisa la kale, pana nyumba walizokaa Krapf na Rebmann, wamisionari Wajerumani walioanzisha kituo pale mwaka 1846. Nje ya kijiji msitu wa kaya, makazi ya kale na matakatifu ya Wamijikenda, umesimama kimya. Miaka minne baadaye UNESCO ingeziingiza kaya za Mijikenda, za Rabai zikiwemo, katika urithi wa dunia. Mzee aliyetutembeza alizungumza sana habari za Krapf, kama wafanyavyo wengi, kwa kuwa Krapf ndiye aliyeandika kamusi ya Kiswahili. Mjomba yeye alimuuliza habari za Rebmann.

Mwaka 1848 Rebmann aliuona Kilimanjaro wenye theluji, akaandika, na kule Ulaya wakatokea wataalamu wa kumkadhibisha: theluji gani karibu na ikweta? Alikaa huku miaka 29 akikusanya maneno ya lugha za watu. Macho yale yale yaliyoiona theluji yakafifia, na mwaka 1875 aliondoka akiwa karibu kipofu. Kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, alifuatana naye hadi Ulaya.

Mjomba aliuweka mkono ukutani mwa ile nyumba, akaupapasa.

"Huyo kijana," akasema, "alirudi?"

Mzee akamwambia alirudi.

Usiku tulilala kwa mteja wake wa zamani. Ugali, mchicha wa nazi, baridi kidogo, na nyota ambazo mjini hatuzioni. Nilikaa macho muda mrefu nikimsikiliza akivuta pumzi, nikihesabu ni mara ngapi siku ile nilimwacha nyuma.

Asubuhi njia ya kurudi ilikuwa na mteremko mwingi kuliko kupanda, na kulikuwa na ukungu. Shati langu jeupe lingepotea ndani yake. Kabla ya kona ya kwanza nikapiga kengele. Nyuma yangu Raleigh ikajibu. Nikapunguza mwendo, nikawa nazungumza kwa sauti: kushoto mbuzi wawili, mbele shimo, kulia mama na kuni, msalimie. Akawasalimu wote. Kila kona nilipiga, naye akajibu, na watoto waliokuwa wakichota maji wakaanza kutuigiza, ng'ring'ring, hadi Mazeras.