Gari inamisi? Hamisha kwanza, kununua baadae

Ukiwa Mwanza huhitaji mashine ya kusoma kompyuta ya gari kujua kama gari yako inamisi, yaani kuna silinda haichomi mafuta inavyotakiwa, wewe panda nayo mlima wa Bugando tu. Toyota IST yangu tambarare ilikua inaenda fresh kabisa, ikiwa sailensi, yaani imesimama injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, ndo unasikia katetemo flani kwenye usukani ambako ukitaka kujifariji unasema ah hii itakua mauntini, zile raba zinazoshikilia injini, ila ikifika mlimani ukikanyaga mafuta inaanza kukatakata, nguvu inakuja inaondoka, inakuja inaondoka, na taa ya injini kwenye dashibodi inapepesa. Hapo hakuna tena cha mauntini, ni misi hiyo.

Na hapo kwenye kupepesa tuelewane kwanza maana watu wengi wanaichukulia poa. Ile taa ikiwaka ikatulia inakwambia kuna kitu nimekiona, nipeleke nikaangaliwe. Ikiwa inapepesa wakati gari inatembea, inakwambia kuna silinda inamwagiwa petroli haiichomi, na ile petroli inapita mbichi inaenda kuungulia kwenye masega, kile kifaa cha kusafisha moshi huko kwenye bomba la moshi, masega yanapata joto la ajabu mpaka yanayeyuka yanaziba. Kwahiyo ukiona inapepesa punguza mwendo, usilazimishe mlima, na usiseme ntaishughulikia mwisho wa mwezi. Plagi ni bei ndogo, masega sio.

Sasa ukishamwambia mtu gari inamisi utashangaa kila mtu ni daktari. Jirani aliniambia pampu ya mafuta. Kijana mmoja wa gereji alisema nozo zinazopulizia mafuta zioshwe zote, na mwenzake akasema we badilisha tu koili zote nne zinazotengeneza cheche ulale usingizi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefungua boneti! Mi sibishani na fundi kwenye kazi yake, lakini kuna hesabu ndogo hapa ambayo haihitaji ufundi: injini ina silinda nne, na kuna vitu vinahudumia zote nne kwa pamoja, kama pampu, filta ya mafuta, throto, sensa ya hewa, halafu kuna vitu kila silinda ina chake, koili yake, plagi yake, nozo yake, vavu zake. Pampu haina ubaguzi, haiwezi kumnyima mafuta namba tatu ikawapa wengine. Kwahiyo swali la kwanza kabisa sio "nibadilishe nini", swali ni inamisi silinda moja au zote? Ukishajibu hilo umeshafuta nusu ya orodha ya spea bila kutoa hata mia.

Njia rahisi ya kujibu ni mashine, misi ikitokea mashine inakupa kodi, yaani namba ya kosa, kuanzia P0301 mpaka P0304, ile namba ya mwisho ndo silinda yenyewe, na P0300 maana yake inarukaruka haijakaa sehemu moja. Ila shida ya haya magari yetu ya kutoka Japani ya miaka ile, soketi chini ya usukani ina pini 16 kama za dunia nzima lakini ukichomeka kile kidude cha bei rahisi cha ELM327 cha kuunga na simu, mara nyingi gari inakuangalia tu, haiongei. Yangu ilinigomea. Sikuumia sana, maana injini yangu, ile inayoitwa 1NZ, imekaa kirafiki mno, koili zote nne ziko juu pale zimejipanga mstari, kila moja imekaa juu ya plagi yake na imeshikwa na bolti moja ya spana namba 10. Namba moja ni ile ya upande wa mikanda, unahesabu kwenda upande wa gia boksi. Toa lile plastiki la juu, kama bado unalo, maana gari nyingi zinafika kwa mwenye gari wa tatu hazina hilo plastiki, hata boneti yenyewe haifungi vizuri.

Unachofanya ni hivi. Zima gari, chomoa soketi ya koili ya namba moja, washa, sikiliza. Kama injini imezidi kutetemeka maana yake ile silinda ilikua inafanya kazi na umeinyima, zima, rudisha, nenda ya pili. Ukifika kwenye silinda ambayo umechomoa na injini haijajali, inatetemeka vilevile kama mwanzo, umeshampata mvivu wako. Yangu ilikua namba tatu. Zima gari kwanza kila unapochomoa, usichomoe inaunguruma ukijiona mjanja, kile kitu kinatoa volti maelfu kwa maelfu na kikikupiga utaruka kichwa kigonge boneti. Na usiiache inaunguruma muda mrefu soketi ikiwa nje, sekunde chache za kusikiliza zinatosha, ni kwa ajili ya yale yale masega.

Haya, umejua ni namba tatu. Hapo ndo watu wanakimbilia dukani, na hapo ndo mimi nasema subiri, hamisha kwanza. Chukua koili ya tatu weka kwenye ya pili, ya pili weka kwenye ya tatu, washa, rudia lile zoezi la kuchomoa soketi. Kama uvivu umehamia namba mbili, koili ndo imekufa, huhitaji mtu kukuthibitishia. Kama umebaki palepale namba tatu, koili haina kosa, sasa hamisha plagi vilevile. Ukibaki tena palepale hapo ndo unaanza kuiangalia nozo. Ni kama kumtafuta mwizi wa kuku kwa kuwahamisha walinzi, kuku wakiibiwa zamu ya nani umeshajua. Angalizo moja tu, unahamisha koili peke yake, soketi na waya zinabaki kwenye silinda zake, maana kompyuta inachoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2 na ukichanganya soketi utatengeneza misi mpya ambayo haikuwepo.

Nilipoivuta koili ya namba tatu sikuhitaji hata kuwasha gari kujua kuna tatizo, ilitoka imelowa oili mpaka katikati, na lile shimo la plagi lina oili imetuama chini. Hii kwenye hizi injini zikishazeeka ni jambo la kawaida sana, sili zinazozunguka yale mashimo kwenye kava ya tapeti, lile funiko la juu ya injini, zinakauka zinakua ngumu kama plastiki, oili inapenya taratibu inashuka kwenye plagi, inalainisha ule mpira wa koili mpaka unavimba na kupasuka, halafu cheche badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi inatorokea pembeni kwenye chuma. Ndo maana inasumbua mlimani kuliko tambarare, ukikanyaga mafuta presha ndani ya silinda inakua kubwa, cheche inahitaji nguvu zaidi kuruka pale kwenye ncha, kwahiyo inachagua njia ya mkato. Ikiwa kinyume chake, yaani inamisi sailensi tu halafu ukikanyaga inatulia, mi ningeanza kutafuta hewa inayoingia kisirisiri, mpira uliopasuka baada ya ea klina au gasketi ya menifodi inayoingiza hewa kwenye injini, unapulizia kabureta klina kidogo kidogo kwenye maungio injini ikiwa haijapata moto sana, pale mlio unapobadilika ndo penye tundu.

Kabla hujafungua plagi subiri injini ipoe, silinda hedi ni aluminiamu na ukifungua ya moto unaweza kutoka na nyuzi zake. Na toa ule uchafu na oili shimoni kwanza, kwa kitambaa kwenye bisibisi ndefu na upepo kama unao, ukifungua hivihivi mchanga wote unaanguka ndani ya silinda. Soketi ya plagi ni namba 16, ile yenye raba ndani ya kuishika.

Plagi ikitoka isome. Ikiwa na rangi ya kahawia iliyofifia au kijivu huyo ni mzima. Nyeusi kavu kama masizi, mafuta ni mengi kuliko hewa. Imelowa petroli inanuka, cheche haikuwepo. Nyeupe sana, inaungua kwa joto au hewa imezidi. Imelowa oili kwenye ile ncha ya chini kabisa inayoingia ndani, sio juu, hapo kaa chini kidogo maana hiyo inaongelea ringi za pistoni au sili za vavu. Yangu ilikua na oili juu, chini imelowa petroli, na kwenye kaure nyeupe kuna kamstari keusi kamechorwa toka juu mpaka chini kama kapenseli. Kale kamstari ndo njia ambayo cheche ilikua inatorokea, na kakishachorwa hata uisafishe vipi itarudi humo humo, kwahiyo plagi hiyo ni ya kutupa.

Nilihamisha koili hivyohivyo japo nilishaona oili, na misi ikahamia namba mbili. Basi nikanunua koili moja, sio nne, plagi nne kwa sababu zile zilikua zimeshazeeka pamoja, na gasketi ya kava ya tapeti na sili zake. Hiyo gasketi ndo dawa yenyewe, ukibadilisha koili ukaacha oili inavuja, utarudi dukani kununua koili nyingine. Kava inatoka kwa bolti na nati ndogo za namba 10, unafuta vizuri oili na gasketi iliyoganda, halafu zile kona mbili ambapo kava ya cheni inakutana na silinda hedi unaweka tone la silikoni, tone, sio kupaka kama unapaka siagi kwenye mkate, maana inayozidi inaanguka ndani. Kaza kwa zamu, pole pole, ukianzia katikati.

Plagi mpya kuwa makini, feki ni nyingi na boksi limefanana kabisa. Ya iridiamu ya kweli ncha yake ya kati ni nyembamba sana, haifiki milimita moja, ukiona ncha nene na boksi limeandikwa iridiamu rudisha. Ile 11 mwishoni mwa namba za NGK na Denso ni nafasi ya milimita 1.1, imeshapangwa kiwandani, usiigonge gonge kuirekebisha na usiisugue na msasa. Kuingiza, chukua kipande cha mpira wa mafuta, chomeka kwenye kichwa cha plagi, izungushe kwa vidole mpaka igote yenyewe. Ikikaza njiani toa uanze upya. Ikigota ndo unaweka ile soketi ya namba 16, nusu mzunguko hivi kwa plagi mpya inatosha.

Kama ungehamisha vyote na silinda bado imelala, sikiliza nozo kwa bisibisi ndefu, mpini sikioni na ncha juu ya nozo, nzima inagonga tik tik tik bila kukosa, na ukiipima na tesita iwe kwenye ohm 12 mpaka 16 hivi. Ikigonga vizuri basi azima geji ya kompresheni, ya kupima presha ndani ya silinda. Usiangalie namba peke yake, angalia kama silinda moja imeachana na wenzake. Iliyo chini, mwagia kijiko cha oili kwenye shimo la plagi upime tena, ikipanda ni ringi, isipopanda vavu au gasketi ya hedi, na hapo sasa muite fundi, hiyo sio kazi ya kufanyia kwenye kivuli cha mwembe.

Kitu kingine, kama misi imeanza siku uliyotoka kuosha injini usifungue pochi kabisa. Wale vijana wa kosha wanapiga maji ya presha moja kwa moja kwenye koili, maji yanajaa kwenye mashimo ya plagi. Vuta koili zote, kausha kwa kitambaa na upepo, ziache juani, mara nyingi inaishia hapo. Mi siku hizi nawaambia injini futeni na kitambaa au iacheni na vumbi lake, vumbi halijawahi kuua koili.

Ukimaliza kila kitu toa waya wa hasi wa betri kwa dakika kadhaa ili kompyuta isahau kodi, sailensi inaweza kuyumba kidogo siku ya kwanza mpaka ijifunze upya, usiogope. Halafu ipeleke mlimani, sio barabara ya lami tambarare. Wenye Noah na Spacio ambazo koili zimekaa juu ya plagi mnaweza kufuata mengi ya haya, plagi zenu ziko juu hivi hivi. Wenye Subaru nyie plagi ziko ubavuni, mkono unaingia kwa kuomba ruhusa, andaeni siku nzima na mtu wa kuwashikia tochi.