Kisahani, Chubwi na Mtungi wa Shangazi

Matema, Jumamosi jioni

Kiuno kinaniuma. Masaa manne ndani ya mtumbwi si mchezo kwa mtu aliyezoea kiti cha ofisi Mbeya mjini. Mdogo wangu, mtoto wa mjomba, anasomea mambo ya maji chuoni na aliniomba nimshikie daftari. "Dada, wewe kazi yako kuandika tu." Kufika Ziwa Nyasa nikawa mwandishi, mchota maji na mtu wa kulaumiwa.

Tulitoka alfajiri upepo ukiwa bado umelala. Kushoto kwetu Milima ya Livingstone ilitumbukia moja kwa moja majini. Akina mama wa Ikombe walikuwa wanapita na mitumbwi iliyosheheni vyungu, wanawahi gulio la Lyulilo. Mjomba, mwenye kafi, alimsalimia kila mmoja na kumuulizia wajukuu. Ndiyo maana tulichelewa.

Kifaa cha kwanza kilinichekesha: kisahani cha sentimita 20, robo nyeusi, robo nyeupe, kimefungwa kamba yenye alama na chubwi chini yake. Unakishusha upande wa kivuli hadi kipotee machoni, unakivuta hadi kionekane tena, kisha unachukua wastani. Basi. Padri wa Kiitaliano, Angelo Secchi, alishusha sahani ya namna hiyo baharini mwaka 1865, na hadi leo hakuna aliyepata njia rahisi zaidi. Karibu na mdomo wa mto Lufilyo, maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa kwa mvua za juzi, kilipotea kwenye mita moja na nusu. Mbali kidogo kilifika mita 14. Nikaiandika 14 kwa madaha, utadhani ziwa ni la baba yangu.

"Kwa hiyo haya ndiyo safi," mjomba akasema.

"Haya ni maangavu, baba. Usafi bado hatujaupima."

Mimi pia nilikuwa upande wa mjomba, nakiri.

Kilichonishika zaidi ni kupima oksijeni iliyomo majini. Chupa ya glasi inajazwa mpaka ifurike, isibaki hata kiputo kimoja, maana kiputo ni hewa na hewa inaharibu kipimo. Zangu mbili zilimwagwa. Kisha yanatiwa matone ya dawa, na humo ndani yanazuka mawingu ya kahawia yanayotua polepole kama masimbi ya kahawa. Rangi ikikolea, oksijeni ipo ya kutosha. Ikibaki nyeupe, hamna kitu. Tukayamalizia nchi kavu chini ya mwembe: tindikali, yakageuka manjano; wanga, yakawa buluu; halafu dawa nyingine tone, tone, tone, buluu ikafutika ghafla. Hesabu inatoka kwenye idadi ya hayo matone. Mkemia wa Hungaria, Lajos Winkler, aliibuni njia hii mwaka 1888.

Kamba yetu haikufika kilindini. Nyasa ina kina cha mita 700 hivi, na maji ya juu yenye joto hukaa juu ya yale ya chini, baridi na mazito, bila kuchanganyika sawasawa. Chini ya mita 200 na ushei oksijeni inakwisha kabisa. Ziwa lote hilo, na samaki wanaishi kwenye tabaka la juu tu.

Chupa ya mwisho tuliichota ufukweni, pale pale shangazi anapochota maji ya kunywa. Mililita 100, chupa iliyochemshwa, ndani ya boksi la barafu; mdogo wangu akapanda gari mchana ule ule ili isifike maabara baada ya saa 24 kupita. Huko watayachuja na kuyalaza kwenye joto la nyuzi 44, waone kama vijidudu vya kinyesi vitaota. Kwa maji ya kunywa haitakiwi kuota hata kidoa kimoja.

Majibu Jumatatu. Chai nimekunywa vikombe viwili, ile imechemka. Mtungi sijaugusa, na shangazi ameona.