Siku tulipoufuata mto Lütschine

Ilikuwa mwezi wa sita, theluji ya milimani inayeyuka kwa fujo. Dada yangu anaishi Bern, Uswisi, akaniambia dogo leo nakupeleka Lauterbrunnen ukaone maporomoko, nikamwambia sawa dada ila mi nataka tushuke na mto wenyewe, sio tupige picha pale stesheni halafu tugeuze.

Tukapanda basi mpaka Stechelberg, barabara inaishia huko ndani ya bonde, tukaanza kutembea. Lütschine ziko mbili, hii ya huku ndo nyeupe, na kweli maji yake ni kama yaliyooshewa mchele. Weupe wote ule ni mawe, barafu za juu zinasaga mwamba mpaka unakuwa unga laini kabisa, maji yanaubeba.

Maporomoko ya Trümmelbach ndo yamenikaa zaidi. Unaingia ndani ya mlima, mule kwenye mwamba yanapita maji ya barafu za milima ya Eiger, Mönch na Jungfrau, yakichachamaa yanafika hadi lita 20,000 kwa sekunde, ukuta unatetemeka mkononi, dada anapiga kelele mi namuona mdomo tu unacheza.

Tulivyotoka nikaanza kulielewa bonde. Chini ni tambarare, ng'ombe wanakula majani, halafu pande zote mbili mwamba umesimama wima. Zamani barafu kubwa ililichimba bonde hili likaenda chini sana, vibonde vya pembeni vikabaki juu huko vinaning'inia, kwa hiyo kijito kikifika ukingoni hakina njia nyingine, kinaanguka. Staubbach unaanguka karibu mita 300, upepo unayatawanya maji tukaloa tukiwa bado mbali.

Tukaendelea mpaka Zweilütschinen, dada analalamika miguu. Hapo inaingia Lütschine nyeusi toka Grindelwald, inabeba vumbi la miamba myeusi ya kule, nikasimama muda mrefu naangalia rangi mbili zinavyogusana. Dada akauliza sasa haya yote yanaenda wapi? Nikamwambia yanaingia ziwa Brienz pale Bönigen, yakitoka ziwani ndo mto Aare, yanapita ziwa Thun, halafu Bern kwako.

"We! Haya ninayovuka kila asubuhi nikienda kazini?"

"Hayo hayo dada, ila tope yanaliacha kwenye maziwa."

Miguu ikapona ghafla, akataka twende Bönigen siku ile ile tukaone yanavyoingia ziwani, na tukaenda.