Karatasi yetu ya kutengana

Wiki iliyopita mteja wangu alikuja kuchukua gauni la sendoff ya mdogo wake. Hata kulijaribu hakulijaribu, alikaa kwenye benchi akalia. Yeye na mumewe wameamua kila mtu akae kwake. "Tumeshaongea dada, tumeelewana vizuri tu," akaniambia. Nikamuuliza, mmeandika? Akaniangalia kama vile nimemwambia ampeleke mumewe polisi. Nilimwahidi nitamweleza kwa kituo, na kwa kuwa najua wapo wengi kama yeye, naandika hapa.

Mimi na baba watoto tulitengana Machi 2021, hapa Morogoro, baada ya miaka kumi na miwili ya ndoa. Sisi ni Wakatoliki, na neno talaka hakuna aliyelitamka, si mimi wala yeye. Tulichoka tu kuishi pamoja. Wazee wa pande zote mbili walikaa sebuleni kwetu Kihonda, baba mkubwa wa mume wangu akafunga kikao: "Basi mwanangu, mama atabaki na watoto hapa, na wewe utawaangalia." Wote tukaitikia. Hakuna aliyeshika kalamu.

Hilo "utawaangalia" lilitugombanisha miezi mitano. Mwezi wa kwanza alituma laki moja na nusu. Wa pili, elfu sitini. Wa tatu hakutuma hela, alileta gunia la mahindi kutoka kwao Kilosa, akalifungua kamba kwenye pikipiki mwenyewe, akalibeba mpaka jikoni, akafuta jasho kwa mkono wa shati na kusema, "Haya, ya mwezi huu hiyo." Mimi nilikuwa nimetoka shuleni kudaiwa mchango wa chakula na sare ya binti. Nilimjibu maneno mabaya mbele ya watoto, na mpaka leo yananiuma. Mwenzangu alikuwa ametimiza ahadi yake kama alivyoielewa: kwake kuangalia watoto ni wasilale njaa. Mimi nilikuwa nasubiri ahadi nyingine kabisa.

Aliyetutoa hapo ni msaidizi wa kisheria, mama mmoja wa makamo ambaye namshonea vitenge. Hawa watu wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Si mawakili na hawakusimamii mahakamani, lakini wanakuelekeza na kuwaweka mezani. Alituita wote wawili, akafungua daftari la mistari, akaanza kuuliza. Kiasi gani? Tarehe ngapi? Kwa simu au mkononi? Sare nani ananunua, na ada nani analipa? Mtoto akiugua usiku, anayempeleka hospitali ndiye analipa au mnagawana? Mahindi yakiletwa, yanahesabiwa kwenye hela au ni nyongeza? Hapo kwenye mahindi tuliangaliana, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi tukacheka.

Tukaandika: laki moja na ishirini kila tarehe 5, kwa simu, na ule ujumbe wa muamala ndio risiti. Ada yake, sare na daftari zangu. Matibabu nusu kwa nusu. Mahindi ni nyongeza. Kisha mkopo wa SACCOS, ambao nilikuwa nimeusahau kabisa kwa vile yeye ndiye aliyeukopa, ingawa bati zilizo juu ya kichwa changu zilinunuliwa kwa hela hiyo. Tukaandika umebaki kiasi gani na nani anamalizia. Naomba sana jamani, madeni yaandikeni. Watu hukumbuka kugawana jokofu wakasahau deni.

Nyumba ndiyo ilikuwa inaninyima usingizi, maana hati ina jina lake peke yake. Yule mama akatueleza kwamba chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, hati iwe na jina la nani. Akatuambia pia habari ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, iliyokubali kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika mali za ndoa. Mimi nilipika na kuogesha watoto miaka yote ile huku nashona usiku. Niliposikia hivyo mabega yalishuka. Tukaandika kwamba nyumba ni yetu wote na haiuzwi mpaka mtoto wa mwisho amalize kidato cha nne. Jina kwenye hati halikubadilika kwa karatasi ile, hilo mlijue. Ni makubaliano yetu, na siku tukitaka mahakama igawe mali, ni ushahidi wangu.

Kuna mambo karatasi haiwezi. Haikuvunja ndoa, kwa hiyo siwezi kuolewa na mtu mwingine. Na kuhusu watoto, mahakama inaweza kubadilisha tulichoandika ikiona hakiwafai, hata kama sisi tumeridhika. Hilo nalikubali kwa moyo wote.

Tarehe ya kutengana msiiache. Mtu anayeomba talaka anaweza kutumia kutengana kwa hiari kwa miaka mitatu au zaidi kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika, baada ya kupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Bila tarehe mtaanza kubishana mlitengana lini, na majirani wataitwa kukumbuka.

Halafu msisaini siku hiyo hiyo. Sisi tulikaa na rasimu wiki mbili, kila mmoja na nakala yake. Mimi nilimsomea kaka yangu. Yeye alirudi na mstari mmoja tu wa kuongeza: likizo ya Desemba watoto waende Kilosa kwa bibi yao. Nilikuwa sijafikiria kabisa kwamba mama mkwe alikuwa anawakosa wajukuu wake. Tulisaini mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa kila upande, tukapeleka kwa wakili akagonga mhuri.

Januari hii mkubwa wetu ameanza kidato cha kwanza, bweni, na ile ada ya zamani haitoshi tena. Baba yake alipita hapa kwenye cherehani na nakala yake ndani ya bahasha. Tukaandika mstari mpya chini, tukatia tarehe, tukasaini. Kalamu yangu ilikuwa imekauka, akanipa ya kwake.