Nilivyokausha viazi, maembe na majani ya kunde nyumbani Tororo

Viazi vitamu huvunwa vingi kwa mkupuo, na kiazi kikishachimbwa hakikai: kisipooza, fukusi watakimaliza. Waiteso, kabila la huku kwetu mashariki mwa Uganda, walikwisha kulimudu jambo hili zamani kwa kutengeneza amukeke, yaani viazi vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa, pamoja na inginyo, ambavyo hupondwa kwanza ndipo vianikwe. Mama mkwe wangu, anayeishi Kumi, ndiye aliyenifundisha kazi hiyo. Yeye huanika juu ya mwamba kati ya Desemba na Februari, wakati jua ni kali na upepo ni mkavu, na zaidi ya kisu hahitaji chombo kingine.

Mimi nilitaka kukausha maembe pia, na maembe yetu mengi huiva mvua ikiwa bado inanyesha. Kwa hiyo nilimwomba seremala anitengenezee sanduku la mbao lenye sakafu ya wavu, nikalifunika juu kwa nailoni angavu iliyoinama, nikaacha matundu chini upande wa mbele na mengine juu upande wa nyuma, yote yakizibwa kwa chandarua ili nzi wasipenye. Hewa ikipata joto hupanda na kutoka nyuma ikiwa imebeba unyevu, na hewa nyingine huingia mbele. Wengi husifu joto tu, lakini naona mzunguko huo wa hewa ndio wenye kazi kubwa zaidi, kwa sababu joto likizidi nyuzi 60 hewa ikiwa imetuama, kipande hukauka upande wa nje na kufanya gamba gumu linalofungia maji ndani, na ukungu huanzia humo.

Maembe nayachagua yaliyoiva lakini hayajalegea, nayakata kwa unene wa milimita 5 au 6, na kuyapaka maji ya limau yasigeuke rangi. Jioni huyaingiza ndani, maana umande huyarudishia unyevu. Yakikunjika kama ngozi bila kunata, yako tayari. Viazi, kwa upande wake, sharti vivunjike kwa mlio.

Majani ya kunde nayachovya kidogo katika maji yanayochemka, kisha huyakausha kivulini, kwa kuwa jua la moja kwa moja hupunguza sana vitamini A yake.

Kabla ya kuyahifadhi, maembe huyaweka katika chupa pana ya kioo bila kuishindilia, nikaitikisa kila siku kwa muda wa wiki moja ili vipande vilivyokauka zaidi vifyonze unyevu wa vile vingine. Kioo kikitoka jasho, maembe yote hurudi kwenye sanduku. Amukeke hukaa katika ndoo yenye mfuniko wa kubana, nami huikagua mara kwa mara, kwani wadudu waharibifu wa ghalani huvipenda viazi vikavu kama wanavyopenda mahindi.