Mjomba, si ulikuwa nayo kiunoni?

Mpwa wangu aliniuliza swali hilo mezani, mbele ya mama yake, akitaka kujua kwa nini sikuitumia bastola yangu siku ya tukio la duka la M-Pesa, na sikumjibu vizuri. Nilimwambia tu, "Kula, chakula kinapoa." Tangu siku hiyo limenikaa kifuani. Leo namjibu hapa, yeye na yeyote mwingine anayebeba bastola kihalali katika mji huu au anayetamani kubeba.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Umoja, Nairobi. Nimevamiwa dukani mara mbili, na mara ya pili walinipiga kwa kitako cha bunduki nikalazwa siku sita. Nilipopona niliomba leseni. Nikachunguzwa, nikahojiwa, nikapewa. Bastola yangu ni ya milimita 9, nafanya mazoezi ya shabaha kila mwezi, na karatasi ikiwa mita 7 mbele yangu siikosi.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa moja na nusu jioni, ule wakati watu wanashuka matatu na mshahara mfukoni. Nilikuwa nimesimama kwa mama mboga ananikatia sukuma. Ng'ambo ya barabara, kama hatua 15 hivi, kuna duka la M-Pesa. Nikasikia mlio mmoja. Wengine wakalala chini, wengine mbio. Kugeuka, namwona mwanamume wa makamo, jaketi la rangi ya damu ya mzee, amemwelekezea bastola kijana aliyelala kifudifudi kwenye vumbi. Anamfokea. Kijana analia, "Nisamehe baba, usiniue!"

Wewe ungemwona nani hapo? Mimi nilimwona jambazi anayetaka kumuua mtoto wa watu. Shati nilishalipandisha, kiganja kiko kwenye mpini, na moyoni nilishaamua.

Ukuta ndio ulionizuia. Nyuma ya yule mtu kuna saluni ya mabati yaliyopakwa rangi ya waridi, na mlangoni niliona mguu wa mtoto, umevaa ndala ya bluu, unaning'inia kwenye benchi. Mama yake lazima alikuwa ndani anasukwa. Risasi ya milimita 9 inapita kwenye bati kama sindano kwenye kitambaa. Nikimkosa yule wa jaketi, imeingia saluni. Nikimpata, bado inaweza kumpenya ikaendelea na safari. Nikabaki hapo, mkono pale pale, macho kwenye ile ndala, hadi yule mtu akaingiza mkono wa kushoto mfukoni akatoa pingu.

Askari kanzu. Ule mlio alikuwa amepiga hewani. Yule kijana aliyekuwa akilia ndiye aliyemkata dada wa M-Pesa kwa kisu, na kisu chenyewe kilikuwa bado chini ya tumbo lake.

Mpwa wangu, nilifika katikati ya jambo nikadhani nimeliona lote. Ningemuua askari aliyekuwa kazini, na damu yake ingekuwa mikononi mwangu. Na mimi mwenyewe je? Upande ule wa barabara hakuna anayenijua. Ningetoa chuma, mtu mmoja apaze sauti "Mwizi!", umejua kilichobaki. Umati wa Nairobi hauombi kuona leseni. Askari wa pili angetokea kwenye kona angemwona nani, kama si mwanamume asiye na sare aliyemwelekezea mwenzake bastola?

Haya si mawazo ya mtu mwoga. Mwaka 2021 huko Arvada, Colorado, mtu aliyewachukia polisi alimuua ofisa mmoja katikati ya mji. Raia aliyeitwa Johnny Hurley, aliyekuwa na bastola yake, alimkimbilia muuaji akampiga risasi. Kazi aliimaliza. Kisha akaokota bunduki ya yule muuaji, na polisi aliyekuwa jirani akaona mtu ameshika bunduki, akampiga akafa. Mkuu wa polisi wa mji huo mwenyewe alimwita shujaa. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara nasimama pale anapoinama kuokota.

Najua mtaniambia Westgate, lile jengo la maduka la hapa Nairobi lililovamiwa na magaidi. Nami Westgate naiheshimu sana. Tarehe 21 Septemba 2013, kabla serikali haijajipanga, walioingia mle ndani ni askari wachache, baadhi wasio na sare, pamoja na raia wenye leseni. Abdul Haji alikwenda na bastola kwa sababu ndugu yake alikuwa amekwama ndani, akaishia kuwatoa watu asiowajua. Katika shambulio lile la siku nne waliuawa watu 67, na bila hao wangekuwa wengi zaidi, hilo naliamini kabisa. Lakini angalieni jinsi walivyoingia. Hakukuwa na shaka kwamba watu wanauawa. Walikwenda kwa kikundi, wakilindana migongo. Na hata hivyo, siku hiyo hiyo ofisa wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, aliuawa kwa risasi za wanajeshi waliokuja kupigana upande mmoja naye. Hao ni watu waliofunzwa miaka. Mimi niliyefunzwa kutoboa karatasi Jumamosi, peke yangu, jioni, kando ya barabara?

Jambo linaloniuma zaidi sijamwambia mtu. Muda wote nilipokuwa nawaza nipige nisipige, yule dada wa M-Pesa alikuwa nyuma ya kaunta, ameshika mkono wake wa kushoto juu ya kiwiko, damu inatiririka hadi kwenye daftari la wateja. Mimi sikumwona. Macho yangu yalikuwa kwenye bastola tu. Aliyemwona ni mama mboga. Alivuka barabara na kisu chake cha sukuma bado mkononi, akakitupa, akafungua leso kiunoni akaizungusha kwenye ule mkono, akaikaza kwa magoti na meno. Vidole vyake vilikuwa vya kijani, na ile leso ya njano ikawa nyekundu. "Shika hapa wewe, bonyeza!" akanifokea. Nikabonyeza. Kazi yangu ya siku ile ilikuwa hiyo.

Dada alipona. Vidole viwili bado havikunjiki vizuri.

Kwa hiyo mjomba wako hivi ndivyo alivyoamua. Nikiwa nimeliona jambo tangu mwanzo, na mtu anauawa mbele yangu sasa hivi, na nyuma ya muuaji hakuna mtu, nitapiga na nitakwenda kujieleza mahakamani. Likikosekana mojawapo, nitajificha, nitapiga simu, nitashika sura na namba ya pikipiki, kisha nitamtafuta anayevuja damu.

Umeniambia unataka nikusaidie kuomba leseni. Sijakataa. Ila Jumamosi hii sitakwenda kwenye shabaha; kuna mafunzo ya huduma ya kwanza, nimelipia nafasi mbili. Njoo saa mbili asubuhi, mapema kidogo, tumpitie mama mboga kwanza. Nimemnunulia leso, doti nzima, na nilitaka uwepo ninapompa.